Chubua Tu

Fundi Ndimbo ameukunja msasa mara tatu,
namba themanini, ule mkali,
amesimama mbele ya ukuta wangu
kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitali.
"Mama Sikudhani, tunafuta au hatufuti?"

Leo Alhamisi. Jumamosi wanaleta mahari.
Ndoo mbili za rangi nyeupe nimezifunika kanga,
na pale, kati ya dirisha na mlango,
ile X.

Nyekundu. Ndefu kuliko kijana aliyeichora:
alipanda juu ya kreti yangu ya soda ili aufikie mkono wake wa juu,
akaniomba maji, nikampa, akasema ahsante mama,
akaandika namba chini yake
akaenda kwa jirani.
Mwaka wa kumi na moja huu.
Barabara ilisema inakuja.
Ikapinda huko huko ilikopindia.

Ndimbo anasema nyekundu ina kiburi.
Ukiipaka nyeupe juu kwa juu, bila msasa,
siku ya kwanza itatulia,
ya pili itachungulia,
vuli ikipiga itatoka nje isalimie wageni.
"Niishushe mpaka saruji, mama. Nusu siku. Vumbi kidogo."

Mama Salvina anaanua nguo, lakini masikio yako huku:
"Usithubutu! Hiyo ndiyo risiti yako.
Wakija na daftari la fidia utawaonyesha nini?
Utawaonyesha weupe?"
Yeye yake ameipigia fremu ya mbao.
Kila Krismasi anaifuta kwa kitambaa.

Marehemu alikufa anaidai hii X.
Faili la kaki kwapani, asubuhi anakwenda,
jioni anarudi na "njoo wiki ijayo".
Jikoni hatukupiga plasta. Chumba cha uani kiliishia kwenye msingi.
Nani ampake poda anayesubiri kuzikwa?
Tumelala humu miaka yote hiyo na viatu miguuni.
Hata mpapai niliupanda ndani ya ndoo,
ili siku hiyo ikifika tuondoke nao.

Nikauchukua msasa, nikausugua kwenye kidole gumba.
"Ndimbo, hiki kazi yake ni kufuta tu?"
"Hapana, mama. Ukuta ukiwa laini rangi haishiki,
inabanduka kama ngozi ya maziwa.
Unaukwaruza kidogo, basi,
rangi inapata pa kujishikia."

"Basi chubua tu. Usifute."
"Itachungulia."
"Ichungulie."

Hapa Mbagala Rangi Tatu, sijui ni nani alizihesabu.
Mimi nilikuwa na nyekundu, nikanunua nyeupe,
na ya tatu ikatoka yenyewe chini ya mkono wa Ndimbo:
vumbi la waridi.
Likatua kwenye kope zake,
kwenye mfuniko wa sufuria, kwenye majani ya mpapai.
Sikudhani akatoka na rola kichwani,
akapiga chafya, akauliza tunafanya nini.
Hakuna aliyemjibu.

Jumamosi pilau lilitosha, soda hazikutosha.
Mjomba wa mkwe, Mfaume, mtu wa Gongo la Mboto,
aliinuka kama anayenyoosha mgongo,
akaweka kiganja ukutani, kati ya dirisha na mlango.
Kiganja kikapanda kwa mshazari.
Kikasita.
Kikashuka kwa mshazari wa pili.

"Yenu ilikuwa namba ngapi?" akaninong'oneza.
"Mia mbili na sita."
"Sisi yetu iko upande wa choo.
Tumepaka mara nne.
Hatukupiga msasa."

Akajipangusa weupe kwenye kanzu,
akarudi mkekani,
wakaanza kuhesabu.